Mchimbaji Halisi

Eufrasia Ngassa alifanya kazi kwa baba yake mdogo, Boaz Ngassa, mwenye ghala na duka la vifaa vya uchimbaji katika kata ya Nyasubi mjini Kahama. Boaz aliuza sururu, tochi za kichwani na mabuti ya mpira, lakini zaidi ya vyote aliuza kamba. Kamba zake zilikuwa na jina: Shikilia. Zilikuwa za buluu zenye mstari mwekundu, na kwenye karatasi iliyozifunga palikuwa na picha ya mchimbaji akishuka shimoni huku anacheka. Kutoka Kahama mpaka machimbo ya Geita, mtu akitaka kamba alisema tu, nipe Shikilia.

Dukani jina hilo lilijengwa na Boaz kwa miaka kumi na mitano. Mtandaoni lilijengwa na Eufrasia. Alipomaliza chuo Mwanza, baba mdogo alimkabidhi simu nzuri, akamwambia amfungulie ukurasa. Boaz ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, akamtoa kijijini karibu na Mhunze, akamsomesha. Kwa hiyo Eufrasia hakuifanya kazi ile kama mwajiriwa, aliifanya kama mtoto wa nyumba. Alizunguka machimboni, akawapiga picha watu wakivuta viroba vya mawe, akaandika majina yao na walikotoka, akawajibu wateja kwa utani wao wenyewe. Kwa miaka minne ukurasa ulipata wafuasi elfu arobaini, na wengi walimwita Dada Shikilia.

Mwezi wa pili iliingia shehena mpya. Mzee Ngusa, mtunza ghala, alimwita Eufrasia pembeni, akachukua kamba moja na kuichana kwa kisu. Juu ilikuwa buluu ile ile na mstari ule ule. Ndani, badala ya nyuzi ndefu zilizosokotwa, palikuwa na vipande vifupi vya nyuzi za viroba chakavu, vimeshindiliwa kama pamba ndani ya mto. Ngusa alisema kijijini kwao hata ndama hafungwi kwa kitu kama hicho.

Eufrasia alimfuata baba mdogo ofisini, na Boaz hakukana. Alieleza kwamba mwenye kiwanda wa zamani ameacha kuleta, huyu mpya ndiye aliyepatikana, na kwamba kamba ni ya kuvutia viroba vya mawe. Mtu akiamua kuning'iniza mwili wake juu yake, hilo ni shauri lake. Eufrasia aliuliza kuhusu picha ya yule anayeshuka shimoni. Boaz akasema karatasi zimeshachapishwa, shehena ijayo watabadilisha. Eufrasia alirudi mezani kwake. Alitaka kuamini, na anayetaka kuamini hakosi sababu.

Wiki tatu baadaye ilitokea video. Aliyeirekodi alikuwa Mwanaima, mwanamke wa makamo kutoka Handeni, ambaye watu walimwita Mama Zuberi. Alikuwa na kibanda cha vifaa kwenye machimbo ya Ibambala, upande wa Geita, na kwa miaka sita alikuwa wakala wa Shikilia. Katika video alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, kamba mpya ya buluu mapajani. Aliichana mbele ya kamera, akazitoa zile nyuzi fupi kwa vidole na kuziacha zipeperuke. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kamba hizi ameziuza kwa mikono yake mwenyewe, kwamba hizi mpya haziuzi tena, na kwamba anaomba wenye Shikilia waeleze kilichobadilika.

Boaz aliiona kabla ya Eufrasia. Alikuja na simu mkononi, akaiweka mezani.

"Ng'wanone," alisema kwa Kisukuma, kama alivyozoea kumwita mwanangu tangu utotoni, "jina likishachafuka halifuliki. Mjibu huyu mama. Namna ya kumjibu unaijua wewe."

Eufrasia alikaa nusu saa akiandika. Jibu la kampuni lilikuwa la adabu. Lilisikitika kwamba wapo mawakala wasio waaminifu wanaouza kamba bandia kwa jina la Shikilia, likawashauri wateja wanunue ghalani Nyasubi wapate iliyo halisi. Halikumtaja Mwanaima, wala halikuwa na haja ya kumtaja.

Kisha alifanya jambo ambalo baba mdogo hakumwagiza. Alifungua akaunti mbili za majina ya kubuni. Moja aliiita Mama Geita, akaiwekea picha ya maua. Nyingine aliiita Mchimbaji Halisi, akaiwekea picha ya kofia ngumu yenye tope. Mama Geita aliandika kwamba yule mwanamke ametumwa na washindani. Mchimbaji Halisi aliandika hivi: "Huyu mama namjua, nanunua kwake kila wiki. Ametuuzia kamba feki, rafiki yangu akavunjika mkono, halafu akaja kumpa pole na chapati mbili." Ya chapati Eufrasia aliitunga kwa makusudi. Alijua uongo mkubwa huaminiwa kwa ajili ya kitu kidogo kilichomo ndani yake.

Ikaaminiwa. Kufika saa sita mchana maelfu walikuwa wameisambaza, na utani wa chapati ulikuwa kila mahali. Mwanaima alijibu mara mbili, kwa sentensi fupi, kisha akaifuta video yake. Siku hiyo Boaz aliagiza kuku wa kuchoma, wakala pamoja ofisini, naye akamsifu mwanawe kwamba ameliokoa jina la nyumba. Eufrasia alikula na kushiba.

Siku zilizofuata ujumbe uliingia kwa wingi. Watu walitaka kujua ghala liko wapi, linafunguliwa saa ngapi, wanatambuaje halisi na bandia. Alijibu maswali zaidi ya mia kwa siku, mengine bila kuyasoma hadi mwisho.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, asubuhi, kamba ilikatika Ibambala. Aliyekuwa akining'inia alikuwa Chacha Mwita, mchimbaji kutoka Tarime. Alikuwa ameshuka zaidi ya nusu ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, akaanguka mpaka chini. Wenzake walimtoa kwa kamba ya duara la jirani. Alikuwa hai, lakini nyonga na mguu wa kulia vilikuwa vimevunjika. Picha za kamba zilifika Kahama kabla mgonjwa hajafika hospitalini Geita: buluu, mstari mwekundu, na zile nyuzi fupi zimechomoza kama mabua.

Eufrasia aliposoma jina alihisi amewahi kuliona. Aliliandika kwenye sehemu ya kutafutia ujumbe wa ukurasa, nalo likajitokeza. Wiki mbili nyuma Chacha alikuwa ameandika: "Dada Shikilia habari. Sisi huku tulikuwa tunanunua kwa Mama Zuberi, sasa tumeogopa. Nikija kununua kwenu wenyewe Nyasubi, hiyo kamba ni salama kwa mtu kushuka? Duara letu lina mita thelathini." Chini yake palikuwa na jibu lake mwenyewe: "Ni salama kabisa kaka. Karibu sana." Na chini kabisa Chacha alikuwa ameongeza maneno ambayo hayakuwa yamefunguliwa mpaka siku hiyo. "Asante dada. Nakuja Jumamosi."

Hakukumbuka kuyaandika yale maneno. Jambo hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kama angalau angekuwa amesita, au ameandika akafuta, angekuwa na kitu cha kujitetea nacho mbele ya nafsi yake. Lakini alikuwa ameandika tu, kama mtu anavyosema karibu kwa mpita njia.

Boaz alimwita ofisini. Tayari alikuwa amemtuma mtu hospitalini kuona mgonjwa anahitaji nini. Hakuwa mtu mbaya, na Eufrasia aliona ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Aliuliza kama kuna maandishi yoyote kati yao na yule kijana. Eufrasia akasema yapo. Boaz akamwambia ayafute, wabaki na neno lao la mwanzo kwamba ni kamba bandia.

Eufrasia alirudi mezani, akakaa na simu mkononi. Baada ya muda baba mdogo akachungulia mlangoni. Eufrasia akamwambia ameshafuta. Hakuwa amefuta.

Kesho yake aliaga kwamba anakwenda Mwanza, akaenda Geita. Chacha alikuwa amelazwa mwishoni mwa wodi, mguu umening'inizwa, na mkewe Dorah ameketi kando yake kwenye ndoo iliyofunikwa. Eufrasia alisema tu kwamba anatoka Kahama na amesikia habari. Dorah alidhani ni mtu wa kanisani, akamshukuru kwa machungwa aliyoleta, akampisha akae. Eufrasia akaanza kummenyea mgonjwa chungwa, ili macho yake yapate kazi.

Chacha alizungumza polepole. Alisema kosa ni lake. Walikuwa wameonywa na Mama Zuberi, naye alikuwa mmoja wa waliomcheka yule mama mbele ya kibanda chake.

"Niliwauliza wenyewe wa Kahama," alisema. "Waliniambia ni salama. Lakini nikisema leo nani ataniamini? Simu ilikuwa mfukoni, imesagika na mimi, na neno la siri silikumbuki."

Dorah alimwambia asijichoshe. Eufrasia alielewa wakati ule ule alichokuwa amekisikia. Duniani ilibaki nakala moja tu ya maneno yale, nayo ilikuwa kwenye simu ndani ya mkoba uliokuwa mapajani mwake. Angeweza kuitoa pale pale. Alisema Mungu awape nguvu, akaondoka. Alipofika stendi aligundua bado ameshika maganda ya chungwa.

Jumamosi asubuhi aliketi mezani kwake ghalani, akaweka kwenye ukurasa picha ya kamba aliyoichana Mzee Ngusa, akaweka na picha ya mazungumzo yake na Chacha. Aliandika kwamba kamba zile hazikuwa bandia, zilitoka ghalani, na kwamba yeye alijua tangu mwezi wa pili. Aliwaomba walio nazo wasishuke nazo. Aliandika kwamba Mama Zuberi wa Ibambala alisema kweli. Akatia jina lake kamili.

Ilikuwa saa tatu. Ilipofika saa tano Boaz alikuwa ameufunga ukurasa wote. Lakini watu walikuwa wamekwisha kunakili, na wiki hiyo wakaguzi wa serikali walifika, wakachukua sampuli, wakaweka kufuli. Kamba zilirudishwa kwa bajaji na bodaboda, zikarundikwa mbele ya lango mpaka zikazuia njia. Mzee Ngusa na wapakiaji wanne walipoteza kazi zao kwa mpigo, nao hawakuwa na kosa lolote. Ngusa alipokuja kuchukua koti lake alimsalimu Eufrasia vizuri, akaenda zake.

Boaz hakumfokea. Alimwambia tu, "Ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja, baba," Eufrasia alisema. "Mwezi wa pili."

Boaz alimwomba aondoke chumbani. Jioni mama yake alipiga simu kutoka Mhunze. Alisema hakatai kwamba kweli ni kweli, ila anataka kujua ni nani aliyemfundisha kuezua paa la nyumba aliyolelewa. Eufrasia alifunga mizigo yake. Alihamia kwa rafiki yake Shinyanga mjini.

Huko ndiko sifa zilikomfuata. Mtandaoni watu walimwita jasiri, binti wa mfano. Kituo kimoja cha redio kilimwandikia kikitaka kumhoji kuhusu uaminifu katika biashara. Mwanzoni sifa zile zilimpa nafuu. Baadaye zilianza kumwasha, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuliandika. Hakumtaja Mama Geita wala Mchimbaji Halisi. Asubuhi ile alijiambia kwamba cha muhimu ni maisha ya watu, na yale majina mawili ni upuuzi tu. Sasa kila aliposoma neno jasiri aliona mtu anampa pole kwa jeraha la mwenzake.

Mwezi wa sita alipanda gari mpaka Geita, kisha bodaboda mpaka Ibambala. Mwanaima alikuwa kibandani, rafu zake nusu tupu. Eufrasia alimwamkia shikamoo, akajitambulisha. Mwanaima akaitika marahaba, akamletea kigoda na maji ya kunywa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Eufrasia aliomba msamaha kwa lile jibu la kampuni. Mwanaima alitikisa kichwa taratibu.

"Lile la kampuni lilinikera, lakini nililielewa," alisema. "Tajiri analinda mali yake. Mimi aliyeniumiza ni yule Mchimbaji Halisi."

Eufrasia aliweka bilauri chini.

"Alisema ananijua. Ananunua kwangu kila wiki. Basi tangu siku ile, kila mwanaume anayesimama hapo mbele namwangalia usoni, najiuliza, ni wewe? Watu niliowapikia uji wakiugua. Kuna kijana anaitwa Herman, alikuwa kama mwanangu, anakula hapa. Nikajiaminisha ni yeye, kwa sababu anapenda mizaha. Nikamfukuza. Aliapa kwa jina la mama yake, na bado nikamfukuza."

Hakuna mtu aliyejua. Wakaguzi hawakuuliza, Boaz mwenyewe hakujua, akaunti zile alikuwa amekwisha kuzifuta. Eufrasia alijua kwamba akinyanyuka sasa na kuaga, atakuwa jasiri mpaka kufa kwake.

"Hakuwa mchimbaji, Mama Zuberi," alisema. "Alikuwa mimi. Na Mama Geita alikuwa mimi."

Mteja alikuja kutaka betri za tochi, Mwanaima akamhudumia, akamtakia kazi njema. Mteja alipoondoka, alibaki amesimama amempa Eufrasia mgongo, akipanga betri ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Na zile chapati?"

"Nilizitunga."

"Mimi hata kupika chapati sijui," Mwanaima alisema.

Alifunga kibanda kwa turubai, akamwambia Eufrasia amfuate. Akamweleza, wakitembea, kwamba watu wa hapa hawakuusoma ule ukweli wake uliokaa saa mbili ukafungwa. Waliusoma uongo, tena walitumiwa na jamaa zao wa mikoani. Kwa hiyo yeye Eufrasia atakwenda kuwaambia kwa mdomo.

Ilikuwa saa ya chakula, na mashine za kusagia mawe zilikuwa zimezimwa. Wachimbaji kama hamsini walikuwa wameketi kwenye viroba, wengine wanakula, wengine wamejilaza. Mwanaima aliwaambia huyu dada ana neno, akasogea kando. Eufrasia alisema yote. Sauti yake ilikatika mara mbili. Aligundua kwamba mtu akisema mbele ya nyuso hawezi kurudi nyuma akarekebisha sentensi. Alipotaja Mchimbaji Halisi baadhi waliguna, na mmoja aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna. Mzee mmoja aliuliza alilipwa nini kwa kazi ile. Eufrasia alifikiri, akasema hakulipwa kitu, alisifiwa tu.

Nyuma kabisa kijana mmoja mwembamba alisimama, akapangusa suruali yake, akaanza kuondoka. Mwanaima alimwona. Alimfuata mbio kwa kandambili zake, akimwita, "Herman, baba, ngoja. Nisubiri." Herman hakusimama upesi. Watu wote waligeuka kuwatazama wale wawili wakipotea nyuma ya lundo la kifusi, na Eufrasia akabaki amesimama katikati, hakuna tena anayemtazama. Alisubiri kwa saa nzima. Mwanaima hakurudi, na mwenye bodaboda akasema anataka kuondoka.

Siku hiyo hiyo alipitia hospitalini. Dorah alimkaribisha kama mara ya kwanza, akamwambia mgonjwa ataruhusiwa wiki ijayo, watarudi Tarime kwa wazazi, maana daktari amesema mguu utabaki mfupi na kazi ya mashimoni imekwisha. Eufrasia aliwaambia yeye ni nani. Dorah alinyanyuka, akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji ambayo yalikuwepo tele. Chacha alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anayejaribu kuifananisha sura na kitu alichowahi kukisoma.

"Nilikuuliza wewe," alisema mwishowe, "kwa sababu ulikuwa unatujibu vizuri."

Eufrasia alikaa mpaka Dorah aliporudi. Kisha Dorah akamwomba aondoke, akaondoka.

Sasa anafanya kazi Shinyanga kwenye ofisi ya wanunuzi wa pamba, akiandika uzito wa marobota. Vijana wenye maduka humwomba awafungulie kurasa, naye hukataa. Mtangazaji wa kile kituo cha redio aliandika tena, na Eufrasia akamjibu kwamba yuko tayari, akamweleza mambo yote kwa mpangilio, pamoja na akaunti mbili na Herman. Mtangazaji alijibu kwamba kipindi kimejaa.

Mwezi wa nane shangazi wa Eufrasia alifariki, ukoo ukakutana Mhunze. Boaz alikuwa ameketi na wanaume chini ya turubai, amekonda. Eufrasia alikwenda mbele yake, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Boaz alisema. Akasogea kidogo kwenye benchi. Eufrasia hakujua kama alimpisha akae au aliondoa tu mguu wake juani. Alisimama pale kitambo, kisha akaenda jikoni kuwasaidia akina mama kumenya mihogo.